Mlango wa Len Dowse

Kama bibi Avis Dowse angefungua kinywa chake mapema, haya yote yasingetokea. Lakini watu wa Haverby, kijiji cha mashamba huko Uingereza, hawafungui vinywa. Watakusalimu vizuri, watakuletea supu ukiwa mgonjwa, watakupa mbegu za maharage bure, na lile jambo linalokula maini yako watalipita kando kwa adabu mpaka siku watakayokuzika. Avis alikuwa Mhaverby wa damu. Kwa miaka miwili, kila Jumanne, alioka mkate wa zabibu kavu, akapanda basi hadi kwenye uwanja wa zamani wa ndege za kivita, akaingia karakana ya wazee wanaofufua ndege, akakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kipande kimoja cha ndege na kukitazama. Kisha akawakatia mafundi mkate, akawapakia siagi, akarudi nyumbani. Walimpenda sana. Hakuna aliyejua anatazama nini.

Alikuwa anatazama mlango.

Kipande kile kilikuwa sehemu ya nyuma ya Lancaster, ndege ya mabomu, iliyoanguka Januari ya mwaka arobaini na nne, wakati wa vita kuu ya pili, ikirudi kutoka Ujerumani na moto kwenye injini. Sehemu ya mbele iliungua upande mmoja wa mtaro wa shamba la Epton, mkia ukakatika na kubaki upande wa pili, mzima mzima, bila hata alama ya moshi. Jeshi lilichukua maiti na bunduki. Mzee Epton, ambaye hakuwa mtu wa kutupa kitu, alisubiri wanajeshi waondoke, akaukokota mkia kwa trekta na kuufanya banda la kuku. Alitoboa tundu upande wa kushoto ili kuku wapite. Mlango wa upande wa kulia, ule uliotengenezwa kwa ajili ya watu, hakuushughulikia. Ulikuwa umefungwa, na ukabaki umefungwa. Vizazi kwa vizazi vya kuku viliishi humo na kufa humo, mpaka wajukuu wa Epton walipouza shamba, na Neville Raithby akaja na lori kulichukua banda.

Huyu Neville ndiye aliyekuwa mkubwa wa karakana. Alikuwa fundi mstaafu wa mashine za kuvunia, mwenye mikono mikubwa na moyo laini kupita kiasi kwa mtu anayeshika nyundo. Yeye na wenzake walikuwa wanaunganisha Lancaster kutoka kwenye vipande vya kuokoteza. Usukani waliupata kwa jamaa mmoja wa Norfolk, wakampa kiti cha mtazama ramani. Vioo vya mbele walivikuta kwenye kitalu cha nyanya. Tangi moja la mafuta lilikuwa limegeuzwa mtumbwi wa watoto. Katika biashara hiyo watu hawauziani sana; wanabadilishana, wanaoneana wivu, na wanadanganyana kuhusu walichonacho kwenye ghala. Ndege yenyewe isingeruka kamwe, na wote walilijua hilo. Walichotaka ni ikae kwa miguu yake, na kila kinachopaswa kuzunguka kizunguke, na kila kinachopaswa kufunguka kifunguke.

Sasa tumfikie Len. Leonard Dowse alikuwa kaka yake Avis, kijana wa miaka ishirini, mpiga bunduki wa juu katika ndege ile. Kwa bahati, nzuri au mbaya, alipangiwa kituo kilicho karibu na kwao, hata ikawa siku za mapumziko anakuja na baiskeli kunywa chai na mama yake. Mara nyingi alikuja na rafiki yake Ron Tasker, mpiga bunduki wa mkia, na hapo jikoni kwa akina Dowse ndipo Ron alipomkuta Ivy, msichana wa jirani. Walioana haraka haraka, kama watu walivyokuwa wakioana wakati ule. Ndege ilipoanguka, Ivy alikuwa na mimba changa.

Aliyepona ni mmoja tu, Mkanada aliyekuwa kule mbele, ambaye aliruka na mwavuli kupitia tundu la sakafuni. Alitoka hospitalini na mikono imefungwa bendeji, akaja Haverby kutoa pole, akasema aliyoyasikia. Laiti angekaa kimya! Alisema rubani aliamuru watu waruke. Alisema Len alijibu kwenye simu ya ndani, "Niko mlangoni." Kisha Ron akasikika akisema, "Fungua basi, Len." Kisha akasema tena. Len hakujibu kitu. Mkanada akaruka, na hayo ndiyo ya mwisho aliyoyasikia. Na wale waliokwenda kutoa maiti kupitia pale mkia ulipokatikia walikuwa wamekwisha kusema jinsi walivyowakuta: Len amekaa chini, mgongo umeegemea mlango, na Ron amemwangukia.

Kijiji hakikuhitaji zaidi ya hapo. Len aliganda kwa woga. Hakuna aliyelisema kwa sauti, ila Ivy. Ivy alikuja jikoni kwa akina Dowse, tumbo halijaonekana bado, akamwambia mama yake Avis, "Mwanao alikaa chini akamzibia mume wangu njia." Akaondoka, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena nyumba ile. Akamzaa Beryl, akamlea, akamfundisha kuketi upande wa pili wa kanisa.

Avis alikuwa na miaka tisa wakati huo. Alipofika kumi na miwili aliruka ua wa Epton, akapita katikati ya kuku hadi kwenye ule mlango, akashika komeo kwa mikono miwili, akavuta, akasukuma, akaning'inia. Komeo halikutikisika. Alirudi nyumbani ananuka mavi ya kuku na moyo wake ni mweupe kabisa. Mlango ulikuwa umekwama! Kaka yake hakuganda. Alipambana na chuma mpaka mwisho. Hakumwambia mtu, kwa sababu kwao mambo hayo hayakuzungumzwa, lakini tangu siku hiyo alikuwa na kitu cha kusimamia. Alisimama nacho maisha yake yote. Alichumbiwa na mwalimu mmoja wa Louth, mtu mpole, na siku moja mwalimu akasema kwa wema tu kwamba Len alikuwa mtoto bado, yeyote angeweza kuganda, si dhambi. Avis alimrudishia pete wiki hiyohiyo. Hakuolewa kamwe.

Mambo yangeweza kuisha hivyo, wazee wakafa na siri zao. Lakini baraza la kijiji likaamua kuweka jiwe la kumbukumbu shambani, lenye majina ya wote sita waliokufa, kwa sharti kwamba familia zote zikubali. Nyingine zote zilikubali. Beryl alikataa. Alisema jina la baba yake halitachongwa jiwe moja na jina la Len Dowse.

Jumapili iliyofuata Beryl alimsimamisha Avis kwenye kibaraza cha kanisa. Kwa umri wao wote walikuwa hawajawahi kuzungumza, ila kupeana njia.

"Ule mlango uko kwa mafundi, sivyo?" Beryl aliuliza.

"Uko."

"Watu wanasema wewe unadai ulikwama."

Avis hakujua watu wamelisikia wapi. Pengine lilisomeka usoni. "Ulikwama," alisema. "Niliujaribu mwenyewe nikiwa msichana."

"Basi nitakwenda niushike kwa mkono wangu. Ukigoma, nitakubali jina lake liandikwe, na nitakuomba radhi mbele ya kanisa zima, kwa niaba yangu na ya marehemu mama. Ukifunguka..."

"Hautafunguka."

"Tutaona, Avis."

Avis alirudi nyumbani anatembea kama msichana. Akampigia simu Neville. "Jumamosi nakuja na binti yake Ron Tasker," alisema. "Anataka kuuona mlango."

"Mlango, Bi Avis?"

"Ndiyo. Mlango tu." Akakata simu.

Hebu fikiria. Maneno machache tu ya ziada! Angesema, Neville, usiuguse. Angesema, Neville, heshima ya ndugu yangu iko kwenye komeo hilo. Lakini kusema hivyo kungekuwa kukiri kwamba kuna aibu ya kusafishwa, na Avis angeona afadhali avuliwe nguo sokoni. Akanyamaza, akachagua kofia ya kuvaa Jumamosi.

Siku ilipofika walikuja kwa gari la Beryl. Mlangoni mwa karakana aliwapokea Clive Pask, aliyekuwa tarishi zamani, mtu ambaye ulimi wake haukuwa na likizo.

"Bi Avis! Leo Jumamosi, na mkate je? Au tumefukuzwa kazi?"

"Leo nimekuja na mgeni, Clive."

"Mgeni haliwi, Bi Avis. Karibu, mama, karibu. Usiegemee kitu chochote, humu hata ukuta una grisi. Huyu Neville hajalala vizuri wiki nzima, ukimwona macho mekundu usidhani amelewa. Amelewa kazi."

Avis alisikia maneno hayo, akakaza mwendo. Kisha akasikia harufu. Ilikuwa harufu ya rangi mpya.

Neville alikuwa amesimama mbele ya kile kipande, amevaa shati safi, amenyoa. Kipande kilifunikwa shuka. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha ya mtu aliyeficha zawadi na hawezi kuficha zaidi. "Bi Avis," alisema, "miaka miwili unakaa pale unautazama. Miaka miwili! Nikasema moyoni, mama huyu anatamani jambo moja tu kabla hajafa. Basi hili hapa." Akavuta shuka.

Mlango ulikuwa mweusi kwa nje, mpya, kila msumari wa ribiti mahali pake. Neville alinyoosha kidole kimoja, kidole kimoja tu, akakibonyeza kitasa. Komeo likatoa mlio mdogo, safi. Mlango ukaingia ndani taratibu kwenye bawaba zake, bila kukwaruza.

"Haujafunguka tangu vita," Neville alisema. "Sisi ndio wa kwanza."

Avis alinyoosha mkono kama wa kuuzuia mlango, akachelewa. Beryl hakumtazama. Alisogea mbele, akaurudisha mlango mpaka ukashika, akaweka mkono wake kwenye kitasa. Alikaa hivyo kidogo. Akabonyeza. Mlango ukafunguka. Akaufunga tena, akabonyeza tena, na tena ukafunguka.

"Asante, Bwana Raithby," alisema. "Kazi nzuri sana." Akageuka, akatoka, na baada ya muda wakasikia gari lake likiondoka.

"Amekuacha?" Clive aliuliza. "Huyu naye ana adabu za wapi?"

Ndipo Avis akakaa kwenye kiti chake cha plastiki na kusema. Alisema yote, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, mbele ya wanaume wawili na rundo la mabati. Alisema habari ya Mkanada, ya Ivy, ya kibaraza cha kanisa. Hakulia. Aliyekuwa analia alipomaliza ni Neville, ameketi juu ya sanduku la vifaa, mikono mikubwa imefunika uso.

"Kwa nini hukuniambia, mama yangu? Kwa nini?"

"Sijui kwa nini. Sasa nisikilize, mwanangu. Bado kuna njia. Wewe ndiye uliyeufungua. Wewe umeona kilichouzuia. Ulikuwa umepinda wapi?"

Neville alifuta uso kwa kiganja.

"Nakuuliza. Kilipinda nini? Fremu? Komeo? Utamwambia Beryl kwa kinywa chako, naye atakuamini, wewe huna faida na jambo hili."

"Bi Avis..."

"Sema!"

Neville alimtazama Clive kama mtu anayeomba kuokolewa, na Clive akajitia kufuta grisi vidoleni.

"Ilikuwa pini," Neville alisema mwishowe. "Pini ya komeo. Ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya tundu lake. Nilitia mafuta, nikatia moto, nikangoja, nikatia tena. Siku tatu."

"Imepinda."

"Ilikuwa imeng'ang'ania."

"Iko wapi?"

Katika karakana ile kilichotolewa hakitupwi, hata kama kimebadilishwa. Kinawekwa kwenye kopo lenye jina la mahali kilipotoka, kwa sababu siku moja kitapimwa ili kutengeneza kingine. Hiyo ndiyo desturi yao na wanaona fahari nayo. Neville angeweza kusema amelitupa kopo. Alikuwa amekwisha kufungua kinywa kusema hivyo, nadhani, lakini Clive, mjinga yule, aligeuza macho kwenye rafu, na Avis akayafuata. Aliinuka mwenyewe akalichukua kopo.

Pini ilikuwa ndogo kama kidole chake cha mwisho, nyeusi, imeliwa na kutu. Avis hakuwa fundi, lakini alikuwa amekanda unga maisha yake yote na alijua jinsi ya kukagua kama mti wa kusukumia pai za tufaha umenyooka. Aliilaza kwenye kioo cha meza ya kazi akaisukuma kidogo. Ikabingirika. Ilibingirika sawasawa, bila kuruka wala kuyumba, mpaka ukingoni, na Neville akaidaka.

"Fremu je?" Avis aliuliza.

"Imenyooka."

"Ulikuta alama yoyote? Mtu aligonga? Alikwaruza?"

"Hapana, Bi Avis. Nilisafisha kila inchi. Lakini usiku ule, nani ajue, huenda kulikuwa na barafu. Kule juu mlango unaweza kuganda kwa barafu. Au fremu ilijikunja ndege ikizunguka, halafu ikarudi..."

"Ungekuwa wewe ni Beryl, ungekubali hayo?"

Neville akairudisha pini ndani ya kopo.

"Lakini niliujaribu," Avis alisema, na sasa sauti ilikuwa ya mtoto. "Nilining'inia juu yake. Haukufunguka."

"Ulikuwa na umri gani?"

"Kumi na miwili."

Neville alihesabu kimoyomoyo, na Avis aliona anahesabu. Miaka mitatu ndani ya banda la kuku. "Kuku wana kitu kibaya kwenye mavi yao," Neville alisema polepole. "Chuma cha namna hii... Mwaka mmoja tu unatosha. Samahani. Ni kutu tu, mama. Kutu na mavi ya kuku."

Clive alimrudisha nyumbani kwa gari lake, na hakutania njiani. Avis alivua kofia, akakaa jikoni. Aliumia kuliko alivyoumia siku waliyomzika Len, kwa sababu siku ile alikuwa mtoto na kulikuwa na watu wengi wa kumshika mkono. Alijaribu kumwona Len kama alivyomwona siku zote, amekaza mikono kwenye komeo, anapigana. Hakumwona. Alimwona amekaa chini. Alijaribu kumwonea huruma akashindwa. Alimkasirikia, kijana wa miaka ishirini anayekufa, alimkasirikia kwa hasira ya ajuza aliyekula maisha yake peke yake kwa ajili ya jambo ambalo halikuwepo. Kisha akaona haya kwa hasira ile. Mwalimu wa Louth alikuwa amekufa zamani.

Jumatatu mchana Neville alibisha hodi. Hakutaka chai. Alitoa kitambaa mfukoni, akakikunjua mezani. Ndani yake kulikuwa na pini ileile, lakini sasa ilikuwa imepinda katikati, kama kiwiko.

"Nimeipasha moto kwanza isipasuke," alisema bila kumtazama. "Kisha nikailoweka kwenye siki na chumvi ili irudishe kutu. Mpelekee Beryl. Mwambie niliificha Jumamosi kwa sababu niliona aibu kuwa nimeharibu ushahidi. Nitaapa hivyo popote utakapotaka."

"Huu ni uongo, Neville."

"Ndiyo, mama."

"Umeharibu kitu cha asili." Alijua hilo ni tusi gani kwa watu wa karakana.

"Nimekiharibu," Neville alisema. "Sijawahi kufanya hivyo. Hakuna atakayejua ila mimi, wewe na Clive, na Clive amekula yamini juu ya mkate wako."

Avis alikusudia kumfukuza. Alikuwa mtu wa kanisa, na katika maisha yake hakuwa amesema uongo mkubwa kuliko kusifu kofia za watu. Lakini alikuwa mzee na amechoka, na kile kipande cha chuma mezani kilikuwa kimepinda vizuri sana, vilevile alivyokuwa amekiona kichwani mwake miaka yote. Alikifunga katika kitambaa, akakitia kwenye mkoba. Neville alipoondoka, alivaa koti akatembea hadi kwa Beryl.

Beryl alikuwa mjane anayeishi peke yake kwenye nyumba isiyo na ghorofa karibu na kituo cha mafuta. Alifungua, akasita, akamkaribisha. Hakuna Dowse aliyewahi kuingia mle. Kwenye kabati kulikuwa na picha ya Ron Tasker amevaa sare, anacheka, mdogo kuliko wajukuu wa Beryl. Avis aliikumbuka sura ile. Aliwahi kukaa kwenye mapaja yake akila biskuti.

"Nimekuletea kitu," alisema. Aliweka kitambaa mezani, akakifungua. "Ni pini ya komeo. Neville aliitoa. Aliificha Jumamosi kwa aibu. Unaona, imepinda. Mlango ulikwama."

Alilisema lote kama alivyofundishwa, bila kujikwaa.

Beryl aliichukua pini. Aliigeuza mara moja tu, akaiweka chini, akamtazama Avis.

"Nani kaipinda?"

Avis alikuwa amejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Uso ukamwaka moto. "Neville," alisema.

"Ana roho nzuri."

"Anayo."

"Hujui kusema uongo, Avis. Ulianza kutazama dirisha kabla hujafungua kinywa." Beryl aliketi. Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Avis kuliko hasira. "Unadhani nilikuja kule nikitaka ufunguke?"

"Sijui ulitaka nini."

"Mama alinilea na mtu huyo. Kaka yako. Kila kitu tulichokosa, ni yeye. Makaa yakiisha, ni Len Dowse. Naolewa sina wa kunipeleka kanisani, ni Len Dowse. Nimezaa, nimezika mume, na bado nikilala namwona mtu amekaa mlangoni. Nimechoka. Kwa hiyo nilipoweka mkono kwenye lile komeo nilimwomba Mungu. Nilisema, ligome. Tafadhali, ligome. Lingegoma, basi baba yangu angekuwa ameuawa na chuma tu, kama watu wengine waliokufa vitani, na ningeweza kuliacha jambo hili nilale. Likafunguka. Nikalifunga nikalijaribu tena, labda nimekosea."

Avis alikaa bila kualikwa. Nje lori lilikuwa linajaza mafuta.

"Bado tunaweza," Avis alisema kwa sauti ndogo. "Pini hii hapa. Tukisema mimi na wewe, baraza halitauliza."

Beryl alilifikiri. Avis aliona kabisa analifikiri, na kwa muda mfupi moyo wake ulipanda.

"Wao hawatauliza," Beryl alisema. "Lakini mimi nitakapolisoma lile jiwe nitajua. Wewe pia." Aliifunika pini na kitambaa, akakisukuma upande wa Avis. "Ningependa niwe mjinga, Avis. Ningependa sana."

"Basi wachonge majina matano, bila Len," Avis alisema. "Nitakwenda kuwaambia mwenyewe."

Beryl aliitikia kwa kichwa. Akaanza kulia, bila sauti, mikono juu ya meza, machozi yakishuka yenyewe kama ya mtu anayekata vitunguu. Avis alitaka kumshika bega. Bega lilikuwa pale, karibu, ndani ya sweta ya kijani, na alitaka kwa roho yake yote kulishika. Hakujua watu wanaanzaje jambo kama hilo baada ya miaka yote ile. Akachukua mkoba wake, akaaga kwa adabu, akatoka.